Jina Kabla ya Wimbo

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali, nikashindwa kujua linamhusu nani. "Mwanagenzi ameosha mikono?" Aliyeuliza ni mama mmoja mrefu, amevaa koti jeupe mfano wa daktari, amesimama mlangoni. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mwanagenzi. Hapakuwa na mtu. Kumbe ni mimi!

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni, na Stockholm ya wakati ule humwambii mkubwa wako "wewe". Huo ulikuwa ufidhuli. Mtu alitajwa kwa cheo chake, tena akiwa mbele yako, kana kwamba hayupo. "Mkuu wa Studio atakunywa kahawa?" Na Mkuu wa Studio mwenyewe yuko hapo hapo, ameshika kikombe. Wenzangu kutoka Nairobi na Moshi, wanafunzi tuliokuwa tukikutana Jumapili, walicheka mpaka wakashika mbavu nilipowaigizia. Mimi lakini nilijisikia nyumbani. Mimi ni mtu wa Pangani, na kwetu mtu mzima haitwi jina lake hivi hivi kama kuku wa kienyeji. Ndiyo maana mtaona wakubwa zangu nawataja kwa vyeo. Ndivyo nilivyowajua.

Yule mama wa koti jeupe alikuwa Mkuu wa Chumba cha Kukatia. Mimi, Zuhura binti Mwinyi, nilikuwa nimetumwa na redio ya nyumbani kuja kujifunza kukata kanda, katika studio moja ya santuri katikati ya mji. Nilinyoosha mikono, akaigeuza na kuikagua juu na chini. Kisha akanipa wembe.

"Wembe huu ni wa mwanagenzi," akasema. "Mwanagenzi akijikata, aokoe kanda kwanza, kidole baadaye."

Nilidhani anatania. Aa wapi!

Ninyi vijana leo mnakata sauti kwenye kompyuta, mkikosea mnabonyeza kitufe, mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Heri yenu. Sisi sauti tuliishika mkononi. Ilikuwa juu ya kanda ya rangi ya kahawia, upana wake kama utepe wa kufungia nywele za mtoto, imezungushwa kwenye gurudumu. Ukitaka kukata neno, unaligeuza gurudumu taratibu kwa kiganja, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Sauti ya mwimbaji inanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa, mpaka unasikia pale neno linapoanza. Hapo unaweka alama kwa penseli ya nta nyeupe. Unailaza kanda kwenye ubao wake wenye mfereji, unapitisha wembe kwa mshazari, maana ukikata wima maungio yanasikika "tak!" Kisha unaziunganisha ncha mbili kwa utepe wa gundi na kuusugua kwa ukucha. Ukiifanya vizuri, hakuna masikio duniani yatakayojua kwamba hapo palikatwa.

Kipande ulichokitoa hukitupi. Huo ulikuwa mwiko. Unakivaa shingoni mpaka kazi ikubaliwe, kwa sababu mkubwa anaweza kubadili mawazo. Kuna siku nilitoka kwenda kununua mkate nikiwa na kikohozi cha mpiga filimbi shingoni, na mwenye duka akanisifu kwa mkufu wangu.

Mkuu wa Chumba cha Kukatia alikuwa mkali, siwafichi. Alinifungulia maungio yangu mara nyingi, akanirudishia bila neno. Lakini pia ndiye aliyeniletea viatu vya baridi vya binti yake theluji ilipoanguka, akaviweka chini ya meza yangu na kujifanya hajui vimefikaje. Nikimshukuru, anasema, "Mwanagenzi aendelee na kazi." Mungu amlipe kheri. Nilipohamishiwa chumba cha mitambo, kusimamia mashine ya kanda wakati wanamuziki wanarekodi, nilijua ni yeye aliyenisemea.

Huko nikawa chini ya Mtayarishaji, bwana mnene mwenye masharubu, mwenye haraka zake. Ndiye aliyeamua wimbo upi utoke na upi ulale. Vijana wa Stockholm wakati ule walikuwa wamechoka na bendi za magitaa ya umeme, wakaanza kupenda nyimbo za mababu zao zilizovalishwa nguo mpya: gitaa la mbao, besi, ngoma kidogo, na sauti isiyojipamba. Mtayarishaji aliuona upepo ule mapema. Alisafiri mwenyewe mikoani kutafuta waimbaji, na huko ndiko alikompata Karin.

Karin alikuwa msichana wa umri wangu, mtoto wa mkulima wa kaskazini, mikono yake imekomaa kwa kazi. Wimbo aliokuja nao ulikuwa wa mtu anayevuka msitu kurudi nyumbani na hajui kama mlango utafunguliwa. Basi, hayo tu. Lakini sauti yake! Nilikuwa nimesimama kwenye mashine, nikasahau kuangalia sindano ya kupimia sauti.

Kila alipoanza kurekodi, Karin alifanya jambo moja. Aligusa nyuzi za gitaa mara moja, na zikiwa bado zinalia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nimeupokea kwa Kvarn-Elias." Kisha ndipo akaimba. Wakirudia, anasema tena. Wakirudia, anasema tena.

Wakati wa fika, yaani mapumziko ya kahawa ambayo Waswidi huyashika kama sisi tunavyoshika swala, nilikaa naye. Nikamuuliza huyo Kvarn-Elias ni nani.

"Ni mzee wa kwetu, mpiga fidla," akasema. "Aliishi karibu na kinu cha kusagia, ndiyo maana ya Kvarn. Lahani ya wimbo huu ni yake. Mimi nimetia maneno tu. Kwetu ukipiga wimbo uliofundishwa, unamtaja aliyekufundisha kabla hujaanza. Usipomtaja, umeuiba."

"Na yeye anajua kwamba unarekodi?"

Karin alikizungusha kikombe chake. "Yuko nyumba ya wazee sasa. Macho yamekwisha kabisa, na mapafu nayo yanamsumbua. Pale kijijini wanasema nimekwenda Stockholm kumwuza. Nilikwenda kumwona, nikamwambia, 'Mzee, utausikia redioni, na jina lako litatangulia.' Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Haya. Tutasikia.'"

"Basi atasikia," nikamwambia.

"Awahi tu," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, akainuka kwenda kusuuza kikombe.

Maneno yale yaliniingia. Mama yangu mkubwa alikuwa kiongozi wa ngoma za harusi Pangani, na sikumwona hata siku moja akianza kuimba kwa kukurupuka. Alibisha hodi kwanza. Aliwaomba radhi wakubwa waliokaa, akamtaja bibi aliyemfunza, ndipo wenzake wakamwitikia. Mwimbaji asiyebisha hodi kwetu aliachwa aimbe peke yake, watu wamefumba midomo, mpaka akome mwenyewe. Nikamtazama Karin nikasema moyoni, loo, kumbe na hawa wana hodi.

Jioni, walipopata rekodi iliyowaridhisha, Mtayarishaji alinikabidhi kanda. "Mwanagenzi asafishe mwanzo. Kesho tunamsikilizisha Mkuu wa Studio."

Kusafisha mwanzo ni kazi ya kila siku. Unatoa kukohoa, viti vinavyolia, fundi anayehesabu. Nikavitoa vyote. Nikaikata kanda sawasawa pale kidole cha Karin kinapogusa nyuzi, nikaunga utepe mweupe wa kuanzia. Jina la mzee nililiacha mahali pake, wala sikulifikiria mara mbili. Ungenikata shingo, nisingejua kwamba kuna mtu anayeweza kuiita hodi uchafu.

Asubuhi yake tulikuwa chumbani: Mkuu wa Studio, Mtayarishaji, Karin, Mkuu wa Chumba cha Kukatia aliyekuja kukagua maungio yangu, na mimi kwenye mashine. Nikawasha. Nyuzi zikalia. "Nimeupokea kwa Kvarn-Elias." Mtayarishaji akaruka kama aliyekalia msumari.

"Simamisha! Nani ameacha maneno haya?"

"Mimi, Bwana Mtayarishaji."

"Nilisema mwanzo usafishwe!"

"Nimeusafisha. Wimbo unaanza hapo."

"Hapo ni mazungumzo!" Uso ulimwiva. Akamgeukia Karin. "Tulikubaliana ofisini kwamba jina litaandikwa kwenye jalada."

"Sikukubali," Karin akasema. "Nilinyamaza. Elias haoni. Jalada atalifanyia nini?"

Kumbe walikwisha kuzozana, na mimi sina habari. Mwanagenzi wa kigeni, nimewachochea watu ugomvi mbele ya mkubwa kuliko wote. Nikaiona ndege ya kunirudisha nyumbani.

Mtayarishaji alikuwa na sababu zake, na lazima nimtendee haki. Watangazaji wa redio walipenda wimbo unaoshika mara moja. Ukianza na maneno, wanaongea juu yake au wanauweka kando, na santuri isiyopigwa redioni imekufa. "Ninautetea wimbo huu," akasema. "Mnataka mzee asikie jina lake katika wimbo usiopigwa?"

Karin akasema polepole, "Bila jina, usitoke kabisa."

Mkuu wa Studio akashusha pumzi, akafunga faili lake. Nilijua maana yake: wimbo unakwenda kulala. Hapo ndipo Mkuu wa Chumba cha Kukatia alipofungua mdomo. "Kabla mabwana hawajaamua, mwanagenzi alikate jina, sasa hivi, hapa. Tusikie."

Karin alinitazama kama ninayechinja. Lakini amri ya Mkuu huyo haikuwa na mjadala. Nikazungusha gurudumu, nikaweka alama, nikapitisha wembe, nikaunga. Kipande chenye jina la Kvarn-Elias nikakivaa shingoni. Nikawasha mashine.

Sauti ya Karin ikaanza ghafla. Ilikuwa ile ile, nzuri ile ile. Lakini nyuzi zile za kwanza zilizokuwa zikilia chini ya jina zilikuwa zimeondoka pamoja na jina, na huyo mtu anayevuka msitu alikuwa ametufikia hatujui katoka wapi. Tulisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanagenzi alirudishe," akasema Mkuu wa Chumba cha Kukatia. Nikalivua shingoni, nikalirudisha. Tukasikiliza tena.

Mtayarishaji alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, aliniuliza bila ukali, "Mwanagenzi kwa nini alisema wimbo unaanza hapo?"

Nikapiga moyo konde. Nikamweleza habari za mama yangu mkubwa na ngoma za harusi, na yule asiyebisha hodi anayeachwa aimbe peke yake.

"Na wasikilizaji hawachoki na hizo hodi?"

"Bwana Mtayarishaji, nani anachoka na hodi? Hodi ndiyo inayomfanya mtu ainuke afungue mlango."

Alicheka, akapangusa masharubu. Akamwambia Mkuu wa Studio, "Mimi nasema libaki. Watangazaji nitawapigia simu mmoja mmoja, nitawaomba wanyamaze." Naye alifanya hivyo kweli. Mtu mwenye haraka zake aliketi kwenye simu asubuhi nzima akibembeleza watu wanyamaze. Ningekuwa na uwezo ningemwekea sanamu.

Jumamosi ya kupigwa wimbo, Karin alisafiri kwenda kukaa kando ya kitanda cha mzee. Sisi tulikusanyika kwa Mkuu wa Studio kuizunguka redio. Mtangazaji alikuwa na maneno mengi siku hiyo, jamani! Akasema habari za hali ya hewa, akasema habari za mpira, nasi tunaikodolea ile redio kama tutamziba mdomo kwa macho. Akaitaja santuri, akamtaja Karin. Akanyamaza. Nyuzi zikalia, jina likapita, peupe, zima, halina doa. Mkuu wa Chumba cha Kukatia akanishika bega, mara ya kwanza tangu nimjue.

Baadaye simu ikalia. Alikuwa Karin. Mtayarishaji akaielekeza simu ili tusikie wote.

"Amesikia?" akauliza.

"Amesikia. Alikaa kitako kitandani. Wimbo ulipokwisha akalia, wauguzi nao wakalia."

"Amesema nini?"

Karin alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Amesema, 'Vizuri. Lakini mbona hukumtaja aliyenifunza mimi?'"

Tuliangua kicheko mpaka Mkuu wa Studio akakaa chini. Aliyemfunza alikuwa Stina, mwanamke aliyekuwa akichunga ng'ombe milimani Elias angali kijana, na Elias alikuwa amezaliwa zamani kiasi kwamba hakuna mwingine hai aliyemkumbuka huyo Stina. Kuanzia siku hiyo Karin jukwaani aliwataja wote wawili. Mzee hakumaliza majira yale ya baridi. Lakini alikwenda akiwa ametajwa, na aliyemfunza naye akiwa ametajwa. Namshukuru Mungu kwamba mkono wangu ulikuwamo.

Wimbo ule uliondoka kwetu ukawa wa watu wote. Nilimaliza mafunzo, nikarudi nyumbani kuwafunza wenzangu redioni, kisha nikaolewa na fundi Mtanzania aliyekuwa akifanya kazi Stockholm, nikarejea. Tulikuwa tunaishi Alby, pembezoni mwa Stockholm, majengo yale yakiwa bado yananuka rangi, na mimi nimepata kazi katika hifadhi ya nyimbo za kale, chini ya Msimamizi wa Hifadhi. Kazi yangu ilikuwa kuzinusuru kanda zilizokauka, na kila kanda niliandika jina la mwimbaji na la aliyemfunza. Msimamizi aliniuliza hilo la pili la nini. Nikamwambia, "Ni agizo la mzee mmoja mgomvi." Akaliacha.

Siku moja nilikwenda kumchukua binti yangu chekechea. Watoto walikuwa wamekaa duara: Wafini, Waturuki, Mkongo mmoja jirani yetu, na huyu wangu. Wakavuta pumzi pamoja, wakaanza, "Nimeupokea kwa Kvarn-Elias," wakaingia kwenye wimbo bila kupumua. Njiani nikamuuliza binti yangu kwa Kiswahili, Kvarn-Elias ni nani? Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, akinishangaa mama mzima nisiyejua mambo: "Ni yule aliyetupa wimbo." Nilimbeba mpaka nyumbani, mtoto mkubwa vile, mgongo ukaniuma kutwa.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga waliniletea keki na maua, nami nikasimama nikawashukuru Msimamizi, Mtayarishaji, Mkuu wa Studio, Mkuu wa Chumba cha Kukatia. Watu wakapiga makofi. Nilipofika nyumbani, nikiwa natia maua ndani ya maji, nikakumbuka kwamba kuna jina moja sijawahi kulitaja. Maana miaka ile ile ya santuri yetu, Waswidi waliamua ghafla kuachana na vyeo na kuitana majina, wakubwa kwa wadogo. Yule mama wa koti jeupe alikuja mezani kwangu, ameona haya kidogo, akaninyooshea mkono. "Zuhura, sasa tunaitana majina," akasema, akanitajia lake. Nami nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamjibu, "Ndiyo, Mkuu." Alicheka. Niliendelea kumwita Mkuu mpaka siku tuliyomzika, kwa sababu nilimheshimu, na kwa sababu nilimpenda, na kwetu ndivyo tunavyoonyesha.

Lakini kuna heshima ya kutotaja jina, na kuna heshima ya kulitaja, na hii ya pili nilifundishwa nchini kwake. Basi niwie radhi, Mkuu. Ninyi mnaosoma, kama kuna lolote mmelipata hapa kuhusu kazi hii, nimeipokea kwa Gunvor wa Jakobsberg, naye alifundishwa kushika wembe na shangazi yake Hilma, fundi cherehani.